Karatasi Moja, Imechakaa

Bolton, Novemba. Duka la marehemu Dhansukh Mistry
limekwisha kuuzwa, nasi tumeitwa kulisafisha:
mimi, Keith na gari lake, na fomu ya kampuni
yenye safu tatu: kitu, hali, thamani.

Tangu asubuhi naandika.
Birika za bati, kumi na mbili, kutu.
Tambi za jiko la mafuta, boksi zima, panya wameonja.
Mizani, jiwe moja limepotea.

Ndipo Keith akavuta kabati la misumari,
na nyuma yake, ukutani, mtu akatutazama.

Mikono minne. Amesimama juu ya yungiyungi
bila kulilemea.
Ndovu wawili wanammwagia maji,
na kwenye kiganja cha chini, pale pa kudondoka sarafu,
inadondoka miche ya sabuni,
sabuni ya njano, mche juu ya mche,
hadi pembeni, ambako maandishi ya Kigujarati
yanaapa, hivyo alivyonisomea Nirmala,
kwamba nguo ikifuliwa kwa hii haikopi uchafu tena.

"Lakshmi," akasema. "Mama alimpenda
kuliko yule wa hekaluni. Huyu alikuwa na kazi."

Tone jekundu kwenye paji halikuchapwa.
Lilipakwa kwa kidole, kila Ijumaa,
miaka na miaka, mpaka karatasi ikaota kovu.
Na tone jingine juu ya mche wa kwanza.
"Nilimuuliza, mbona na sabuni?
Akasema: wewe unajuaje ni yupi kati yao anayetusikia?"

Mimi nimelelewa katika nyumba isiyotundika sura.
Bibi yangu, Pangani, aligeuza hata kopo la maziwa
ili mtoto aliyechorwa aelekee ukuta wakati wa swala.
Lakini nilivua glavu. Sijui kwa nini. Nilivua.

Chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa,
za Kiingereza: kimechapwa na fulani na wanawe,
mtaa wa pili kutoka hapa, palipo sasa maegesho.
"Babu wa mama alifanya kazi pale," akasema Keith,
"akichora juu ya mawe."
Nikamtazama tena mungu wa kike.
Macho ya Kihindi, sawa. Lakini kidevu,
kile kidevu chenye kishimo,
kilikuwa cha Keith.

Kumbe alizaliwa hapa, katika moshi na manyunyu,
mkononi mwa mtu aliyeona ndovu labda kwenye sarakasi
(magoti yao ni ya farasi),
akapelekwa Bombay, Bombay ikampeleka Jinja,
akakaa juu ya pipa la mafuta ya taa miaka thelathini
akiuza sabuni, akipokea ubani,
mpaka walipopewa siku tisini za kuondoka.
Mama aliacha cherehani. Aliacha sufuria za harusi.
Huyu akamkunja mara mbili, katikati ya sweta
alizosikia zinahitajika huku.
Mikunjo bado inakutana kitovuni pake.

Nje, Ketan, mtoto wa kaka, yuko kwenye simu na watu wa mnada.
Tunamsikia: "Mabango? Sijakuta bado,
lakini babu hakutupa kitu."

Nirmala haniombi lolote.
Anashika ncha ya juu, mimi ya chini,
misumari minne inatoka na vumbi lake,
na ukutani unabaki mstatili wa buluu
ambayo duka zima liliisahau.

Fomu iko juu ya mizani. Arobaini na moja.
Kitu: karatasi moja.
Hali: imechakaa.
Nafika safu ya tatu, nakitazama
kile kiganja kinachomwaga bila kuhesabu,
naandika: bure.